Sukari ya Bi Hindu na Maji ya Kimya

Jumamosi, 6 Desemba

Wewe uliyefungua daftari hili bila kuitwa, huna adabu, na aliyekulea aliacha kazi nusu. Lifunge. Kama ni Saadiya, lifunge mara mbili.

Mimi ni Hindu binti Abubakr, wa hapa Mbwajumali. Shule nilifika darasa la tatu, chuoni nilihitimu juzuu zote thelathini, kwa hiyo kuandika najua. Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu Sundus. Amekuja likizo jana kutoka chuo kikuu, anasomea kemia, na hiyo ni shahada ya pili, si ya kwanza. Amesema katika maabara yao kila mtu ana daftari. Unaandika tarehe, siku, ulichofanya na ulichokiona. Uongo hapana. Kufuta hapana. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lenyewe lisomeke. Nimemwambia mimi sikosei, mistari hatutaihitaji.

Sasa sababu ya kuandika.

Leo chama cha akina mama kilikutana kwa Bi Alawiya, mwenyekiti wetu. Anamwoza binti yake Nusra Alhamisi ya tarehe 18. Halua ya harusi zetu hupikwa katika sufuria kubwa ya shaba ya chama, na sufuria hiyo hukaa kwangu. Miaka ishirini na miwili. Kabla yangu ilikaa kwa mamangu. Anayeiweka ndiye anayeshika mwiko, ndiyo ada. Hata mgeni akiulizia nyumba yangu huambiwa: pale penye sufuria.

Alawiya akaanza kwa ulimi laini. Eti harusi tatu zilizopita halua imetoka namna tatu. Ya Januari ililiwa kwa kijiko. Ya baada ya Idi ilimng'oa mzee mmoja jino. Ya Septemba ilikuwa halua ya peponi. Akasema hamwozi mwanawe kwa kubahatisha, anataka kujua itatoka ipi.

Nikajibu. Ya Januari kuni zilikuwa mbichi. Na jino la mzee yule lilikuwa limeshafunga mizigo, halua imesingiziwa tu.

Saadiya akakohoa. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na akikohoa ujue ana neno. Akasema labda sufuria imechoka kukaa nyumba moja.

Nikasimama. Maneno yakatoka yenyewe. Nikasema mjukuu wangu anatengeneza sukari, kwa mikono yake, huko chuo kikuu. Na halua ya Nusra nitaipika kwa sukari iliyotengenezwa ndani ya nyumba yangu, si ya gunia, na kila mtu ataramba vidole mpaka kucha.

Alawiya akasema haya, tutaona, lakini isipokuwa hivyo sufuria itahama.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya ndia. Waliokuwa na haraka walinizunguka.

Jumapili, 7 Desemba

Sundus ameshika kichwa. Anasema Bibi, umenimaliza. Nikamwuliza kwani hutengenezi sukari? Akasema anatengeneza, lakini si ya chai.

Akanionyesha picha kwenye simu. Kichupa. Ndani yake unga mweupe wa kutosha ncha ya kisu. Nikauliza hiyo ni ya siku moja? Akasema miezi minne. Miezi minne! Paka hakolezi maziwa kwa sukari ile.

Lakini akanieleza kazi yenyewe, na mimi nikielezwa na mtu asiyekohoa huelewa. Sukari, anasema, zimeumbwa ndogo ndogo, na huungana mnyororo kama punje za tasbihi. Mnyororo mrefu ndio wanga. Kuna vijidudu vya maradhi vinavyovaa koti la minyororo hiyo. Ukiweza kuliunda koti lile lile maabarani, bila kijidudu ndani, mwili wa mtoto hufunzwa kulitambua kabla maradhi hayajaja. Hiyo ndiyo chanjo wanayoitafuta.

Taabu ni kwamba kila punje ya sukari ina mikono mingi, na kila mkono unataka kushika. Ukiziacha, zinashikana ovyo kama wanawake kwenye sinia la biriani. Basi Sundus huifunika mikono yote kwa vifuniko, akaacha mmoja wazi. Zikishikana pale anapotaka, anafungua mkono mwingine. Hatua thelathini na moja. Na kiungo lazima kielekee upande mmoja. Kikigeuka, si koti tena, ni tambara.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kudarizi kofia. Akacheka, akasema ni hiyo hiyo.

Sasa amesema neno moja ambalo halikunikaa. Kwamba kuipata mara moja si kitu. Ameiandika njia yake yote, vipimo, muda na moto, akampelekea mwenzake Ryan kwenye maabara nyingine. Ryan afuate karatasi tu. Akipata kitu kile kile bila kupiga simu kuuliza, basi ni njia ya kutegemewa, na Sundus atahitimu. Asipopata, ni bahati tu. Anangoja jibu wiki ya tatu sasa, hata kula hali vizuri.

Nimemshangaa. Umepata siri halafu unaomba Ryan naye aipate? Mamangu aliniachia siri ya halua akiwa kitandani, mlango umefungwa, nami nimeapa nayo.

Tumekubaliana hivi. Sukari ya kichupa haitafaa. Lakini mnyororo wa wanga unaweza kukatwa ukarudi kuwa sukari, na mtama ulioota una vikasi vyake vya kukatia. Sundus ameniambia niloweke konzi mbili za mtama kwa jaribio.

Nimeloweka debe zima. Harusi ni harusi.

Jumanne, 9 Desemba

Mtama unaota vizuri. Hata nafaka inanitii.

Leo nimepimwa. Sundus anataka halua yangu iandikwe kama alivyoandika sukari yake. Nikamwambia halua yangu ni mkono, haina karatasi: sukari konzi sitini, wanga konzi kumi na tano, samli mpaka iseme basi. Akauliza konzi lina uzito gani. Nikasema la konzi.

Basi tukaenda zahanati kwa Sista Kwamboka, mwuguzi wetu kutoka Kisii, maana mizani yenye haki hapa kijijini ni ile yake ya kuning'iniza watoto wachanga. Sundus akatandika nailoni ndani ya kibebeo cha mtoto, mimi nikatia konzi kumi za sukari. Kilo moja na gramu mia mbili. Sista akasema mtoto wa uzito huo angempandisha boti ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sundus akasema turudie. Mara hii Saadiya akapita dirishani na ndoo yake, akichungulia. Kilo moja na mia sita. Turudie tena. Sista akatoa kichekesho cha kwao, nikacheka. Kilo moja na mia mbili.

Sundus akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Akauliza siku ya halua ya jino nilikuwa katika hali gani. Nikamwambia Saadiya alikuwa amekuja kunisaidia. Na ya Septemba? Septemba Saadiya alikuwa Lamu mjini kwa bintiye. Na Januari? Januari goti liliniuma, nilikuwa mnyonge.

Akasema basi, Bibi, ameipata. Konzi langu la hasira lina theluthi moja zaidi ya konzi langu la furaha, na la unyonge bila shaka ni dogo kuliko yote. Ataandika la Septemba.

Mizani ile ni mbovu. Nimemwambia Sista aipeleke ikatengenezwe.

Halafu Sundus akaniuliza mpaka samli na iliki, akahesabu yote na kuandika: sukari kilo saba na mia mbili. Sista akasema huyo ni mtoto wa miezi sita, amenyonya vizuri. Wanga ni kichanga cha siku ya kwanza, mdogo kidogo. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna.

Kipo. Naandika hapa kwa sababu daftari halitaki uongo. Maji. Kiasi nimekitaja, ila maji ya halua yangu huyateka mwenyewe kwenye jabia, birika la maji ya mvua, alfajiri, na tangu kutoka mlangoni mpaka kurudi sisemi na mtu. Hata salamu huijibu moyoni. Maji yaliyosemewa hayashiki halua. Hiyo ndiyo siri ya mamangu, na haiingii kwenye karatasi ya Sundus hata nikitekenywa.

Wafuate karatasi. Wataona.

Alhamisi, 11 Desemba

Tumefanya jaribio. Andika, ulimwengu usome.

Uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kikombe kimoja. Mtama ulioota, ukakaushwa, ukapondwa, konzi moja la furaha. Sundus akasema moto uwe wa wastani, uji uwe wa kuchoma kidole lakini kidole kistahimili kuhesabu mbili. Ukichemka, vikasi vinakufa. Sista alituazima kipimajoto cha homa, kikaandika herufi moja kikazima. Tukarudi kwenye kidole. Kidole changu.

Sista alitupa pia iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Tone moja kwenye kijiko cha uji: mweusi kama wino. Huo ni wanga, akasema Sundus. Baada ya robo saa, zambarau. Baada ya saa moja, kahawia tu, haubadiliki. Wanga umekwisha. Tukaonja. Mtamu!

Mwanamke wa darasa la tatu, jikoni Mbwajumali, ametengeneza sukari. Nimetoka nje na kikombe nikakaa barazani. Kila aliyepita nimemlambisha. Saadiya alisema ladha yake ni ya uji wa mgonjwa. Lakini alilamba mara mbili, nimehesabu.

Sundus ameandika kila kitu, dakika kwa dakika, akasema tukitaka kurudia tufuate hivi hivi. Na akanionya kwamba hii inatoa sharubati kidogo tu, haifiki kwenye halua ya watu mia tatu, bora niwaambie ukweli.

Ukweli nimeshawaambia Jumamosi. Siwezi kuwaambia mwingine.

Jumamosi, 13 Desemba

Sundus ameenda kwa shangazi yake, kijiji cha Chundwa, mpaka Jumatatu. Vizuri. Vipimo vyake vinaninyima pumzi.

Nimefanya jaribio kuu. Sufuria ya shaba, uji wa wanga mpaka shingoni, mtama uliopondwa karibu debe zima. Kidole sikutia, nina umri wa kujua moto kwa macho. Nikasema pia kama moto wa wastani unachukua saa moja, moto mkubwa utachukua nusu. Ni hesabu ya darasa la pili.

Ukachemka. Ukarusha matone mpaka darini. Tone la iodini: mweusi tititi. Nikangoja saa moja. Mweusi. Saa tatu. Mweusi kama roho ya Saadiya.

Sikukosea. Moto ndio uliokosea.

Nilikuwa na mtama ulioota uliobaki, chungu cha kiasi. Jioni uji ulipopoa ukawa wa vuguvugu la kuogea nikaumwaga wote ndani, nikakoroga, nikafunika kwa mkeka na mablanketi mawili. Kama saa moja inaleta utamu, siku mbili zitaleta gunia. Mtu yeyote anaona hilo bila kwenda chuo kikuu.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimefunua asubuhi. Uji umekuwa maji! Vikasi vimefanya kazi. Na unatoa povu, vipovu vidogo vinapanda na kupasuka, sufuria yote inanong'ona. Sijaona kitu chenye uhai kama hicho. Halua yangu ya zamani haijawahi kunisemesha.

Nimeonja. Mtamu kidogo, mchachu kidogo, unawasha ncha ya ulimi. Ndiyo dalili ya nguvu. Nikaonja tena kuhakikisha. Sundus husema jaribio lirudiwe, basi nikarudia mara ya tatu kwa kikombe.

Baada ya adhuhuri nimelala usingizi mzuri ajabu. Nimeamka nikamsamehe Saadiya kwa dakika kumi hivi.

Sundus karudi jioni na boti, kachoka, kalala. Nimemwambia asiingie jikoni, kuna jambo la kumshangaza. Nimerudisha mablanketi.

Jumanne, 16 Desemba

Daftari halitaki uongo. Haya.

Sista Kwamboka alikuja kuchukua iodini yake. Nyuma yake Saadiya, eti anaazima kinu. Nikasema wakati ndio huu, waje waone. Nikafunua.

Harufu ikatoka kwanza, halafu nzi wakaingia. Sista akasimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi kama aliyesikia jina la mtu wa kwao. Akachovya kijiko. Akasema, "Nyanya, hii ni busaa."

Nikamwuliza busaa ni sukari ya namna gani.

Akasema ni pombe. Ya mtama, kama aliyokuwa akipika nyanya yake Kisii wakati wa kuvuna. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba si busaa mbaya. Kwao chifu angekuwa ameshafika, ila hajui angekuja na pingu au na kikombe.

Astaghfirullah. Katika sufuria ya chama. Katika sufuria ya mamangu.

Saadiya hakukohoa. Hilo ndilo lililonichoma. Alitoka polepole, na kinu hakukichukua. Mpaka adhuhuri Mbwajumali nzima ilikuwa inajua, na mpaka alasiri nasikia hata kisiwani Kiwayu wanauliza kama imebaki.

Sundus alipoona, aliinama juu ya sufuria akaangalia kwa muda mrefu. Akasema sukari ilipatikana kweli, Bibi, ila niliiacha siku mbili, hamira ya hewani ikaila. Akasema pia uchachu na shaba havikai pamoja, shaba hutoa sumu ya kijani, na asinywe mtu wala mbuzi. Akauliza ile karatasi ya Alhamisi, dakika kwa dakika, niliifuata wapi. Nikamwambia niliifuata kwa roho.

Nimemwambia pia nilivyoonja. Vikombe sikutaja, nimesema vijiko. Alitoka nje, akacheka ukutani nikamsikia.

Alawiya akaja na wanawake sita. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Akasema Maalimu wa msikitini ameulizwa, amesema sufuria ioshwe mpaka isibaki harufu wala ladha. Wakaibeba. Wanawake sita, na waliponipa nafasi nishike mkono mmoja wa sufuria, mikono yangu haikuinuka. Wakaipeleka kwa Saadiya. Yeye ndiye atakayeshika mwiko kesho.

Sundus akasimama akasema karatasi ya halua ipo, kama wanaitaka. Akaniangalia kwanza. Nikageuza uso. Alawiya akaichukua.

Pale ilipokuwa inakaa pamebaki duara sakafuni. Nimefagia pembeni. Ndani ya duara sikufagia.

Jumatano, 17 Desemba

Mimi ni mgonjwa. Nimelala upande wa ukuta wa Saadiya, ndipo penye hewa.

Nimesikia yote. Wanasugua sufuria kwa ukwaju na majivu. Nimesikia Saadiya akisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni: sukari, mtoto wa miezi sita. Nimesikia mizani ya Sista ikilia kwa uzito. Mwiko umeanza baada ya asubuhi, mzunguko ule ule, mzito, na bega langu likawa linauma lenyewe kitandani.

Nilingoja aje kuuliza. Lazima angekwama. Iliki inatiwa lini? Samli inasema basi kwa sauti gani? Nilikuwa nimeshapanga jibu, na jibu lilikuwa refu na la matusi.

Hakuja. Hata mara moja.

Sundus aliniletea chai, akanikuta nimeweka sikio ukutani. Akakaa kitandani. Akasema yeye pia hivyo ndivyo anavyomsikiliza Ryan, ila Ryan yuko mbali zaidi.

Nilijifariji kwa jambo moja. Maji. Mdomo wa Saadiya haujafungwa tangu azaliwe. Halua itakataa kushika. Kesho wataila kwa kijiko, watakuja wote saba mlangoni kwangu, na sufuria mbele.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimepona. Harusi haisubiri mgonjwa.

Nusra amependeza, mashaallah, mikono yote hina mpaka kiwiko. Tukakaa. Kahawa ikaja. Sinia za halua zikaja.

Inang'aa. Inatetemeka ukiitikisa, lakini haimwagiki. Nikatia kidole. Ikaacha alama, alama ikajifunga yenyewe polepole, kama Septemba. Nikatia mdomoni.

Ilikuwa halua yangu.

Si mfano wa yangu. Yangu. Iliki ilikuja nyuma, pale pale inapokuja. Bibi mmoja kutoka Siyu, haoni vizuri, hajui habari za wiki hii, akalamba kidole akasema kwa sauti, "Huu mkono wa Hindu." Mzee wa jino, alikuwa upande wa wanaume, akatuma mtoto kuomba sinia ya pili.

Saadiya alikuwa mlangoni na sinia. Uso umejaa jasho, mikono imevimba. Akaja mpaka nilipokaa, akasema, "Bi Hindu, nimeipika kama ulivyosema." Nikatazama kama ana kejeli. Hakuwa nayo.

Nikamwambia iliki angeponda zaidi. Ilibidi niseme kitu.

Sikuelewa moyo wangu. Kifua kilijaa fahari mpaka kanga ikabana, na wakati ule ule nilitaka kumtia Saadiya ndani ya sufuria.

Ijumaa, 19 Desemba

Ryan amejibu. Sundus alipiga kelele uani, kuku wakapanda juu ya tangi. Amefuata karatasi ya Sundus tangu mwanzo mpaka mwisho, hakupiga simu, na amepata sukari ile ile, kiungo kimeelekea upande ule ule. Ni njia ya kutegemewa. Sundus atahitimu, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye karatasi itakayochapishwa, la Ryan la mwisho.

Analia na kucheka. Anasema hakuna furaha kama hiyo, Bibi, kusikia mtu mwingine ameweza bila yeye mwenyewe kuwepo. Akanishika mkono huu wa konzi. Akasema jana nami nimepata hiyo hiyo, njia yangu imesimama kwa miguu yake, watoto wa Nusra wataila halua ya Hindu mimi nikiwa nimeshalala kaburini.

Maneno mazuri. Nilimwacha amalize.

Alawiya amepitisha kwamba sufuria itazunguka, kila harusi nyumba yake, na karatasi itasafiri nayo. Karatasi ina kichwa cha habari kwa mwandiko wa Sundus: Halua ya Bi Hindu binti Abubakr. Wameitia ndani ya nailoni isiroe. Kila mwanamke wa chama ameipiga picha kwa simu. Nimewaambia wapige tena, picha ya kwanza jina halikusomeka vizuri.

Lakini nimekaa nikafikiri. Maji. Yale maji hayakuwemo kwenye karatasi, na halua ilishika. Basi aliyemwambia Saadiya ni nani?

Nikamwuliza Sundus kwa upole. Akasema maji gani? Ikabidi nimweleze, baada ya kufunga mlango. Akasema Jumatano alifuatana na Saadiya kuteka. Walikwenda kisimani, si kwenye jabia. Jua lilikuwa limeshatoka. Na Saadiya alisema njia nzima, kwenda na kurudi, alisema na Alawiya, na Sista, na punda wa watu. Kisha Sundus akasema taratibu, huenda maji hayakuwa na kazi yoyote miaka yote hii, Bibi. Kwao maabarani ndivyo wanavyojua: unatoa kitu kimoja, ukipata matokeo yale yale, kile ulichotoa hakikuwa na kazi.

Msomi mzima. Shahada mbili.

Haoni kilicho wazi. Sufuria ile imekunywa maji ya kimya miaka ishirini na miwili kwangu, na zaidi kwa mamangu. Shaba imeshayajua. Saadiya amepika kwa akiba yangu. Harusi moja, mbili, akiba itakwisha, kisha watakula halua ya kisima na watanitafuta. Kabla siku hiyo haijafika, sufuria lazima irudi, na irudi kwa heshima.

Nao ndio huu mpango. Februari Alawiya anamwoza wa pili. Ile sukari ilipatikana kweli, Sundus mwenyewe amesema, iliharibiwa na hewa tu. Basi hewa ndiyo ya kuzibwa. Mablanketi manne badala ya mawili. Na badala ya shaba, pipa la plastiki. Hapo watajua nani anatengeneza sukari katika nti hii ya Mbwajumali.

Makosa yangu ya wiki mbili hizi nimeyatafuta ili niyapigie mstari mmoja mmoja kama ilivyo kanuni. Nimepitia kurasa zote. Nimepiga mstari mmoja, pale nilipoandika kwamba nilimsamehe Saadiya.

Sundus, najua unasoma. Weka simu. Kesho alfajiri shika ndoo, nenda kwenye jabia, ulete maji uloweke mtama madebe mawili. Na usimsemeshe mtu njiani.